Mkono wa Mtu Kwenye Mashine ya Neema Yatosha

Skola, mama yangu wa pili,

Usianze kucheka mwandiko. Najua umeshaanza. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hata hicho nilikifikia kwa sababu nilikuwa na mbio na mwalimu wa michezo alikuwa ananihitaji. Lakini kwa maneno, nani mtaa huu wa Makanyagio ananiweza? Ningekuwa nimesoma kama wewe, leo wangekuwa wananiita Mheshimiwa, na mama yako angekuwa anapanda gari analofunguliwa mlango. Basi soma tu, makosa ya herufi samehe, makosa mengine yanakuja.

Sasa hivi ni mchana. Wewe na mama yako mmekwenda kusukwa, na nyie mkikaa kwenye kiti cha msusi ni mpaka jua lichoke. Nimemwambia Mzee Rajabu tumbo linaniuma, akaniruhusu niache mashine yake kidogo. Tumbo haliniumi. Unaona? Barua ya kusema kweli nimeianza kwa uongo. Jioni nitamwambia.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kutomwazima simu mtu usiyemjua ndani ya treni, mama yako amekufanyia semina wiki nzima bila posho. Mimi hayo nayaruka. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukila.

Unalikumbuka. Nilikuwa nimekwambia kwamba hosteli ya chuo haijawa tayari, na kwamba Fundi Masanja atakupokea stesheni Tabora, ukae kwake na mkewe mpaka upate kitanda. Ukaweka tonge chini. Ukasema, "Baba, bora nilale stesheni kuliko kulala kwa mchawi."

Mama yako akaangalia mlango. Mimi nikaangalia mgebuka kwenye sahani yangu kama vile samaki ndiye aliyeulizwa. Ukadhani tumekubaliana nawe.

Mwanangu, Masanja si mchawi. Hajawahi kuwa. Neno hilo lilianzia kinywani mwangu mimi, na kwa miaka tisa nimekuacha ulibebe kama begi lako. Kesho unapanda treni na chuki ambayo si yako. Ni yangu. Nataka niishushe kabla hujaondoka nayo.

Sasa nikuhadithie vizuri, maana ulikuwa na miaka kumi, na ulichokiona ni vumbi tu.

Unajua shamba letu la kijijini Usevya tuliliuza. Shamba la babu yako, la mpunga, linaloshika maji mpaka Mei. Ndugu zangu walinitukana kwa Kipimbwe chetu na kwa Kiswahili, vyote. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka mwaka ule, moto moto, na nilikuwa na ndoto: mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini Mpanda, ya Kikristo. Hakuna kuiba pumba za mteja. Hakuna kuchanganya chenga kwenye mchele wa mtu. Mjane anakobolewa bure. Ukutani nikaandikisha kwa rangi ya bluu: NEEMA YATOSHA. Nilikuwa nikisimama ng'ambo ya barabara naisoma mwenyewe kama vile nimeitunga.

Na nikwambie, nia ilikuwa safi. Hilo nakataa mtu aniondolee. Mama yako alipokwambia biashara ile tuliianza kwa magoti, hakukudanganya. Tulifunga siku tatu. Mchungaji akaja na kanisa zima, wakaimba, akamimina mafuta ya mzeituni juu ya injini kuiweka wakfu, yakatiririka mpaka kwenye nati. Masanja alikuwepo, amesimama nyuma na spana zake, maana yeye ndiye aliyeifunga mashine ile kuanzia msingi. Msukuma yule, mrefu, kimya, haendi kanisa lolote. Ibada ilipoisha akanivuta shati.

"Kaka, haya mafuta ya juu mazuri. Ya ndani nakuja kubadilisha kila baada ya wiki mbili. Injini hii inakula kazi, ukiinyima oili itakuaibisha."

"Masanja bwana," nikamwambia, "wewe huna imani."

"Nina imani na oili," akasema. Tukacheka. Tulikuwa tunataniana hivyo. Wewe alikuwa anakuletea karanga kwenye mfuko wa ovaroli, zina harufu ya dizeli, unakula hivyo hivyo.

Msimu wa kwanza ukaenda freshi. Tulikoboa mpaka masikio yakaziba. Kila wiki mbili Masanja anakuja, anamwaga oili chafu, anatia mpya, anagusa mkanda, anasikiliza, anaondoka. Mteja haoni kitu cha ajabu. Ni fundi na mashine, basi.

Halafu ikaja Jumapili ya ushuhuda.

Wewe unanijua nikishika maikrofoni. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili: nashukuru Mungu, mashine inakwenda. Nikasema. Watu wakasema amina, ile amina ya kawaida, ya mtu anayewaza ubwabwa nyumbani. Kabla yangu alikuwa ametoka mama mmoja aliyeponywa mgongo, kanisa likawa limesimama juu ya viti. Mimi na mashine yangu, amina moja ya uvivu! Nikaona haiwezekani. Mdomo ukanitangulia. Nikasema:

"Na tangu siku ile ilipowekwa wakfu, wapendwa, mashine ile haijaguswa na mkono wa fundi!"

Mwanangu, kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, Mchungaji akaja kunikumbatia. Masanja alikuwa amebadilisha oili Alhamisi iliyopita.

Nilirudi nyumbani nimevimba kifua. Mama yako akaniuliza njiani, taratibu, "Baba Skola, si Masanja alikuja juzi?" Nikamwambia hajui lugha ya imani. Nilimwambia hivyo mama yako, anayeamka saa kumi kuomba tangu kabla sijamjua! Akanyamaza. Kunyamaza kwa mama yako unakujua.

Kama ungeishia hapo, ungekuwa uongo wa Jumapili moja, natubu Jumatatu, yamekwisha. Lakini uongo wangu ulileta wateja. Mchungaji akausimulia kwenye mkutano, watu wakaanza kuja kutoka mbali na magunia yao, wanataka mpunga wao upite kwenye mashine inayoendeshwa na Bwana. Wengine wanaigusa injini na leso. Sasa niambie wewe msomi: ningemwitaje fundi mbele ya watu wale? Angekunja mikono ya shati tu, ushuhuda wangu umekufa.

Nikamfuata Masanja nyumbani kwake. Nikamwambia, ndugu yangu, uwe unakuja alfajiri, kwa mlango wa nyuma.

Akaniuliza, "Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Ni mambo ya kanisa tu, hutaelewa."

"Kaka, mimi ni fundi. Naingilia mbele. Ukitaka nije, niite mchana. Ukiona aibu, badilisha mwenyewe, nimeshakuonyesha."

Kweli alikuwa amenionyesha. Na nilipanga kweli kubadilisha mwenyewe. Leo kuna watu wengi, nitafanya kesho. Kesho kuna wageni wa kanisa. Kesho kutwa ninaona haya hata mbele ya kijiti cha kupimia oili. Na kibaya kuliko vyote, ikawa wiki ya tano, ya sita, mashine inakwenda, nami nikaanza kujiamini. Nikasema moyoni, huenda ni kweli. Huenda sikudanganya, nilitabiri! Nikawa kila asubuhi nachukua kichupa cha mafuta ya upako kilichobaki, nadondosha matone mawili juu ya mfuniko, nasema maneno makubwa, nawasha. Ndani injini inasaga chuma kwa chuma.

Siku moja Masanja akapita barabarani. Akasimama. Mimi nipo mlangoni, watu wamejaa.

"Inakohoa hiyo," akasema.

"Inaimba," nikamjibu kwa sauti, watu wasikie. Watu wakacheka, wakampigia makofi baba yako. Masanja akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kesho yake injini ikanoki, ikakwama.

Ulikuwa umetoka shule, ulikuwa umekaa juu ya magunia. Labda unakumbuka ile sauti, kama mtu amegonga reli kwa nyundo mara tatu, halafu moshi, halafu kimya. Kimya kile bado nakisikia. Ulikuwa mwezi wa sita, uwanja umejaa mpunga wa vijiji vyote vya Mpimbwe, akina mama wamekaa na nyungo zao. Wote wananitazama mimi. Mama mmoja wa kanisani, mwenye magunia sita pale, akaniuliza, "Baba Skola, kulikoni?"

Nilijua kulikoni. Nilijua pale pale, kama unavyojua umeacha chungu jikoni ukisikia harufu. Ningesema maneno matatu tu: sikuweka oili, samahani. Ningechekwa. Wangeniita mwongo, na ni kweli. Labda wangechukua mpunga wao, labda nusu wangerudi. Lakini nilikuwa nimezoea makofi, mwanangu. Mtu aliyezoea makofi, kimya kinamtisha kuliko simba.

Nikasema, "Kuna mkono wa mtu."

Wewe umekulia hapa, sihitaji kukufafanulia. Mkono wa mtu hapa kwetu si mkono. Mtoto akiugua ghafla, ng'ombe akianguka, basi likipinduka, ukisema kuna mkono wa mtu, umeshasema yote, wamebaki kutafuta jina tu. Na jina halikuchelewa. Mmoja akasema, "Si yule fundi Msukuma alisimama hapa jana akasikiliza? Akasema inakohoa. Alijuaje?"

Wakageuka wote kunitazama. Mimi sikumtaja Masanja. Tazama ujanja wangu! Mpaka leo naweza kuapa kwamba sikumtaja. Nilishusha macho tu, nikapumua kwa huzuni kama mtu anayemsamehe adui. Kile kipumuzi ndicho kilichomfukuza mtu mjini.

Wiki ile ile watu waliacha kumpelekea kazi. Mtu ana mashine imekufa, anaipakia mpaka Sumbawanga kuliko kumpa Masanja. Mkewe akienda bombani, ndoo zinasogea. Asubuhi moja wakakuta mtu amemwaga chumvi mlangoni kwake, ya kufukuzia mchawi. Wewe mwenyewe ulianza kuzungukia njia ya sokoni ili usipite nyumbani kwao, na siku moja ukaniuliza, tukila hivyo hivyo kama jana, "Baba, ni kweli baba mdogo Masanja ni mchawi?"

Nikakwambia, "Kula ugali wako."

Jibu hilo ndilo limekukuza. Baada ya mavuno wakapanda treni, yeye na mkewe na watoto, na sanduku la spana. Nilikuwa naweza kusikia honi kutoka nyumbani. Sikwenda kuwaaga.

Na Neema Yatosha? Injini haikufaa tena, pistoni imeungana na nyumba yake kama mke na mume. Kanisa lilikesha likiombea mashine ifufuke. Mimi nilikuwepo, naomba kwa sauti kuliko wote. Unaweza kuwaza ni maombi ya namna gani, mtu anamwomba Mungu afufue kitu huku akimficha alivyokiua? Watu wakachukua mpunga wao mmoja mmoja. Wahuni wa kijiweni wakatunga lao: "Neema yatosha, ila oili haitoshi." Wale wahuni, wasioomba hata kabla ya kula, ndio pekee waliopatia.

Tukauza kinu, tukauza mabati ya banda. Ndugu zangu wa Usevya wakasema, si tulikwambia. Mimi nikaacha kanisa. Hiyo hujui, ulidhani naamka mapema kwenda kutafuta kazi Jumapili. Nilikuwa nakwenda kukaa karibu na reli, nimemnunia Mungu. Hesabu zangu zilikuwa hivi: nimejenga biashara kwa jina lake, mbona hakunifichia aibu? Angeshindwa nini kunitunzia injini mpaka mwisho wa msimu? Nilimnunia kama mtoto aliyevunja sahani akamnunia mama kwa nini sahani inavunjika.

Halafu njaa ikanitoa kule relini. Nikaenda kwa Mzee Rajabu, mwenye mashine ya kule chini, Mwislamu yule mwenye kicheko kama fisi. Nikamwomba kazi ya kubeba magunia. Mimi, mwenye Neema Yatosha!

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Karibu sana, Mtumishi. Ila hapa kwangu Mungu tunamwomba na oili tunaweka. Vyote viwili. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi shika gunia."

Nimebeba magunia yake miaka miwili. Nisikudanganye kwamba nilipata ufunuo. Nilipata mgongo. Ila kuna siku, gunia liko begani, nilikuwa naomba kimoyomoyo ile sala yangu ya siku zote, Bwana mshughulikie adui yangu aliyeniangusha, na sala ikakwama. Nilikuwa natafuta sura ya adui nimwonyeshe Mungu, ikawa inakuja sura moja tu, na ina ndevu zangu. Nikasimama katikati ya uwanja. Rajabu akapiga kelele, "Mtumishi, hilo gunia halitembei lenyewe!" Nikatembea. Lakini nadhani siku ile ndiyo niliyookoka, ile ya kwanza ilikuwa mazoezi.

Mkono wa mtu ulikuwepo kweli kwenye ile mashine, Skola. Ulikuwa wangu. Mkono ambao haukuchukua oili.

Miaka mitatu iliyopita, niliposema nakwenda Tabora kuangalia vipuri, nilikwenda kwa Masanja. Nilimkuta kwenye gereji yake, yuko chini ya trekta. Akatoa kichwa. Hakushtuka.

"Umekuja na injini au umekuja na maneno?"

"Maneno."

"Basi subiri nimalize. Nishikie hii."

Akanishikisha spana saa mbili nzima, hasemi kitu ila "kaza" na "legeza". Alipomaliza akanawa mikono, akakaa kwenye tairi. Nikamwambia yote, mpaka kile kipumuzi. Niliongea vibaya, nikalia, unanijua ninavyolia, kama beberu. Akasikiliza hivyo hivyo alivyokuwa anasikiliza injini.

Akasema, "Mimi nimekusamehe zamani, kaka. Ningekaa nalo ningeshindwa kufanya kazi. Lakini umekuja kuniomba msamaha Tabora, na hapa Tabora hakuna aliyeniita mchawi. Walioniita wako Mpanda."

Neno hilo nilirudi nalo kwenye treni, kutoka stesheni ya Kaliua mpaka hapa, haliniachii hata nisinzie.

Basi, mwaka ule ule, wewe uko bwenini, Jumapili ya ushuhuda nikarudi kanisani, nikaomba maikrofoni. Nikasimama palepale. Nikasema: nilidanganya, fundi alikuwa anakuja kila wiki mbili, mimi nilimzuia, injini ilikufa kwa kukosa oili, Masanja hana kosa. Nilidhani paa litaanguka.

Unajua kilichotokea? Walisema amina. Ile ya uvivu! Mmoja akasema haleluya, ndugu yetu ana moyo wa unyenyekevu. Na yule mama wa magunia sita akanishika mkono nje: "Baba Skola, Mungu akubariki kwa kusamehe. Lakini sisi tunajua, unamfichia tu."

Nilitaka kupiga ukuta. Nilipowadanganya waliruka juu ya viti, nilipowaambia kweli wamekwenda kunywa chai! Uongo wangu ulipaa kwa siku moja, na kweli yangu inatembea kwa miguu, inachechemea. Tangu hapo naifuata nyumba kwa nyumba. Nikikaa kwenye bodaboda namwambia dereva. Nikikoboa mpunga wa mteja wa zamani namwambia. Wengine wameshanielewa, wengine wananiona nimerukwa na akili. Yule mama wa magunia sita amenisikiliza mara nne. Mara ya nne akauliza, "Kweli hukuweka oili?" Nikasema kweli. Akasema, "Mpumbavu wewe." Nilifurahi kama nimepewa mbuzi.

Lakini wewe nilikuruka. Nyumba zote za Makanyagio nimebisha hodi, yangu nimeipita. Nikajiambia utasahau. Nikajiambia uko mbali shuleni. Ukweli ni kwamba mji mzima ulikuwa umeshanicheka, umebaki wewe peke yako unayewaambia wenzako kwamba baba yako aliangushwa na wabaya. Nilikuwa nimeng'ang'ania pale. Ni makofi ya mtu mmoja, lakini ni makofi. Mpaka jana, nilipoona kwamba makofi hayo anayalipia Masanja.

Alipiga simu mwenyewe, ujue. Aliposikia umepata chuo cha uuguzi, akasema, "Mtoto afikie kwangu. Mke wangu ameshafua shuka." Sikumwomba.

Sasa unakwenda kuvaa nguo nyeupe. Mimi sijui kazi yenu, lakini nadhani nayo ina siku zake za kukosea. Utampa mtu dawa ya mwenzake, au utasahau sindano ya saa nane. Wote watakuangalia, na mdomoni mwako kutakuwa na maneno mawili, moja dogo la aibu na moja kubwa la kukuokoa. Mimi sikufundishi, nitafundisha nini? Nakwambia tu jinsi lile kubwa lilivyo tamu, na linavyokaa tumboni miaka tisa. Ukikosea, sema kwanza. Halafu omba. Nimewahi kujaribu kwa mpangilio ule mwingine.

Na usiache kuomba kwa sababu ya biashara yangu. Nimesikia ulivyomwambia mama yako, kwamba Mungu aliona tumefunga siku tatu na bado akatuacha tuanguke. Mimi nilikuwemo ndani ya ile biashara, nakupa habari za ndani: hakutuacha. Alituletea fundi kila baada ya wiki mbili. Mimi ndiye niliyemwambia apitie mlango wa nyuma.

Bado naota mashine yangu. Usimwambie Rajabu, ingawa anajua, ananiita Bosi Mtarajiwa. Sasa hivi naendesha yake, na hakuna mtu Mpanda nzima anayesikia injini kama mimi, hilo najisifu na sitatubu. Asubuhi nachomoa kijiti, nafuta, nachomeka, naangalia. Halafu nafumba macho, mikono ina oili mpaka kwenye viwiko, naomba. Sala fupi. Zamani nilikuwa na sala ndefu sana.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuichomeka kwenye begi lako uikute njiani, Kaliua, mimi niko mbali, huwezi kuniangalia. Mwoga ni mwoga tu. Lakini nimebadilisha. Naiweka juu ya sanduku lako uisome ukirudi leo, mimi nikiwa hapa hapa. Nitakuwa uwani najifanya natengeneza mguu wa meza. Njoo useme unachotaka. Ukitaka kunyamaza kama mama yako, nyamaza. Hata usiponisemesha mpaka kesho, sanduku lako nitalibeba mimi, na stesheni nitasimama mpaka treni lote lipite.

Simu yangu iko mezani, nimeweka salio. Jina lake limeandikwa Fundi. Mimi sitampigia, nimeshasema mengi mno juu yake. Kama utakwenda kwake, mwambie wewe kwamba unapanda treni kesho. Msamaha wangu usiubebe, huo ni mzigo wangu na ninaujulia. Wewe mwamkie tu, halafu muulize treni likifika atakuwa amesimama upande gani, ili umwone mapema.

Ni mimi, mzuri wa sura kuliko akili,
Baba yako